Picha zilizoonyesha presha inavyoula ubongo

Kwa muda mrefu, daktari aliyetaka kujua nini kimeharibika ndani ya ubongo wa mtu aliyepotewa na kumbukumbu ilimbidi asubiri mgonjwa afe. Ndivyo alivyofanya kazi Otto Binswanger, daktari mzaliwa wa Uswisi aliyefundisha Jena, Ujerumani. Mwaka 1894 alieleza habari za wagonjwa ambao akili zao zilififia polepole na sehemu nyeupe ya ubongo wao ikasinyaa. Yeye alilaumu mishipa iliyokakamaa na kuunyima ubongo damu. Mwaka 1901, Pierre Marie wa Ufaransa naye akaeleza vishimo vidogo vidogo alivyovikuta kwenye bongo za wazee.

Ubongo wa mtu aliye hai ulianza kuonekana vizuri tarehe 1 Oktoba 1971. Katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, mgonjwa aliyedhaniwa kuwa na uvimbe aliingizwa kichwa ndani ya mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Vipimo vilirekodiwa kwenye utepe, vikapelekwa kuchakatwa kwa kompyuta sehemu nyingine ya London. Picha iliyopatikana ilikuwa na nukta 80 kwa 80 tu, lakini uvimbe ulionekana. Hicho ndicho kipimo cha CT.

Kisha ikaja MRI, inayotumia sumaku badala ya eksirei. Mashine hizo zilipoenea miaka ya 1980, madaktari walikuta madoa meupe katika bongo za wazee wengi, hata wasiowahi kupata kiharusi. Mwaka 1987, Franz Fazekas na wenzake walichapisha njia ya kuyapima: sifuri ni kutokuwepo kwa doa, 1 ni vidoa vilivyotawanyika, 2 ni vidoa vinavyoanza kuungana, na 3 ni mabaka makubwa yaliyoungana.

Presha ni miongoni mwa visababishi vikuu vya madoa hayo. Mishipa inayopenya hadi ndani kabisa ya ubongo ni myembamba mno. Ikisukumwa kwa nguvu miaka nenda rudi, kuta zake hunenepa na njia ya damu hufinyika. Nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine hukosa lishe. Ndiyo maana mara nyingi dalili ya kwanza si kusahau majina. Mtu huchelewa kufikiri, hushindwa kupanga mambo aliyoyazoea, na mwendo wake huwa mzito.

Mwaka 2012, watafiti waliotumia picha za washiriki wa utafiti wa Framingham, Marekani, walikwenda mbali zaidi. Walifuatilia jinsi maji yanavyosogea ndani ya nyuzi za ubongo, wakaona kwamba watu wenye umri wa takribani miaka 40 waliokuwa na presha tayari walikuwa na dalili za uharibifu.

Je, uharibifu huo unaweza kupunguzwa kasi? Utafiti wa SPRINT MIND wa Marekani ulijibu mwaka 2019. Waliotibiwa kwa lengo la kushusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120, madoa yao yaliongezeka kwa kiasi kidogo kuliko ya wale waliolengwa chini ya 140. Uwezekano wa kupata upungufu wa awali wa kumbukumbu na fikra pia ulipungua kwa asilimia 19.

MRI ni ghali, na si kila mwenye presha anaihitaji. Lakini kuna kipimo rahisi zaidi: mkanda wa kupimia presha mkononi, uliobuniwa na Scipione Riva-Rocci huko Turin, Italia, mwaka 1896, miaka miwili tu baada ya taarifa ya Binswanger. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usingoje kusahau ndipo uende hospitali. Pima presha yako, na ukiandikiwa dawa usiziache kwa sababu unajisikia mzima. Madoa haya huanza wakati mtu bado anajisikia mzima.