Ufundi Haupatikani kwa Kitabu Peke Yake

Msomaji mpenzi, umepata kumtazama seremala akimfundisha kijana wake kazi? Hampi kitabu akamwambia, "Soma, kisha uje utengeneze mlango." Humweka kando yake, akamwacha apige randa mbele ya macho yake, na mkono unapokosea humrekebisha papo hapo. Katika insha hii nataka kukuonyesha kwamba hata elimu inayohusu tabia za watu ilijifunza jambo hilo, na ya kuwa ilijifunza kwa gharama kubwa.

Elimu yenyewe huitwa uchanganuzi wa tabia. Msingi wake ni mwepisi kuusema: tendo lifuatwalo na jambo la kupendeza huelekea kurudiwa, na tendo lisilofuatwa na faida yoyote huelekea kufifia. Lakini kusema ni kitu kimoja na kutenda ni kingine.

Twende kwanza Kanada, katika mji wa Weyburn, jimbo la Saskatchewan. Palikuwa na hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, na humo alifanya kazi kijana mmoja aitwaye Teodoro Ayllon, mwanafunzi wa Jack Michael wa Chuo Kikuu cha Houston. Mwaka 1959 wawili hao walitoa taarifa ya kazi yao. Miongoni mwa wagonjwa alikuwamo mwanamke ambaye kwa muda wa miaka miwili alizoea kuingia ofisini mwa wauguzi na kuwakatiza kazi zao. Wauguzi walikuwa wakimshika mkono, au hata kumsukuma, ili kumtoa; tena walidhani hana akili ya kuelewa akiambiwa. Ayllon hakuwaambia wamkaripie. Aliwafundisha kwanza kuhesabu, na hesabu ikaonyesha kwamba huingia kama mara 16 kwa siku. Kisha akawaagiza wasimjali kabisa kila aingiapo. Kufika wiki ya saba, alikuwa akiingia mara 2 tu kwa siku.

Angalia vizuri hapo. Aliyetenda kazi si bingwa, bali ni muuguzi wa kawaida. Lakini alitenda chini ya uangalizi, na kila siku aliandika alichokiona. Kuhesabu huko ndiko kulikomzuia kusema "naona anapata nafuu" pasipo ushahidi.

Sasa twende Marekani, jimbo la Washington, katika hospitali iitwayo Western State. Aliletwa huko mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nusu, mwenye usonji. Alikuwa ameugua mtoto wa jicho, na lenzi za macho yake zimeondolewa kwa upasuaji. Daktari wa macho alisema kwamba asipovaa miwani katika muda wa miezi sita, atapoteza uwezo wa kuona sawasawa maisha yake yote. Na mtoto hakukubali kabisa kuvaa miwani.

Montrose Wolf, Hayden Mees na Todd Risley, ambaye alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, waliitwa kusaidia. Mwanzoni kazi ya miwani alipewa mwangalizi wa wodi. Aliambiwa ampe mtoto kipande cha peremende au tunda kila agusapo fremu tupu, kisha aishikapo, kisha aisogezapo usoni. Wiki kadhaa zikapita na maendeleo yakawa haba. Mwangalizi alikuwa mgeni katika kazi ya namna hiyo, peremende hazikuwa na mvuto wa kutosha, na miwani haikukaa vizuri kichwani.

Hapo ndipo ulipo moyo wa habari hii. Wasimamizi hawakubaki ofisini kumlaumu mwangalizi. Waliingia chumbani wenyewe, wakaitengeneza fremu upya, wakatumia chakula chenyewe badala ya peremende. Siku hizi kutumia mlo wa mtoto kwa njia hiyo kungeulizwa maswali mazito, na ni haki kuuliza. Lakini mtoto alivaa miwani. Taarifa yao ya mwaka 1964 inasema kwamba alipotoka hospitali alikuwa amekwisha kuivaa kwa zaidi ya saa 600, na kila siku huivaa kwa saa kama 12. Wazazi wake nao walifundishwa kwa vitendo kabla hajarudi nyumbani.

Laiti historia ingeishia hapo! Lakini kisu kikatacho nyama hukata na kidole. Mwaka 1972, huko Miami, jimbo la Florida, ilifichuka habari ya aibu katika makao ya watu wenye ulemavu wa akili yaliyoitwa Sunland. Watumishi wasiofunzwa vyema, wala kusimamiwa ipasavyo, walikuwa wakiwapiga wakaaji, wakiwafungia, na kuwaosha vinywa kwa sabuni kali, wakidai kwamba huo ndio utaratibu wa kurekebisha tabia. Iliundwa kamati ya kuchunguza, naye Risley, yule yule wa habari ya miwani, akawa mmoja wa wajumbe. Maneno ya elimu yalikuwamo midomoni mwa watu wale. Elimu yenyewe haikuwamo mikononi mwao.

Baada ya hayo Florida iliweka miongozo, kisha mitihani ya wachanganuzi wa tabia. Mwaka 1998 ikaanzishwa bodi ya kutoa vyeti nchini Marekani. Kwa kanuni zake zilizoanza kutumika mwaka 2022, mwanafunzi hutakiwa kufanya kazi ya vitendo kwa saa 2,000, au saa 1,500 ikiwa husimamiwa kwa karibu zaidi. Msimamizi lazima amwone kwa macho yake akifanya kazi na mteja. Shahada peke yake haitoshi.

Huenda ukaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi? Mimi ni mwalimu. Katika chuo cha ualimu nilisoma mengi juu ya watoto, lakini siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, nilipomwona mkufunzi ameketi nyuma ya darasa na kalamu mkononi, magoti yalinitetemeka. Nilidhani amekuja kunihukumu. Leo najua kwamba aliketi pale kwa ajili ya watoto wale arobaini, ambao hawakuchagua kuwa mazoezi yangu.

Basi, msomaji, utakapokuwa mwanagenzi wa kazi yoyote, usimchukie akusimamiaye. Kosa la seremala huharibu ubao. Kosa la ashikaye mtu huharibu mtu.