Mabango ya juu ya barabara yahitaji uimara zaidi Kericho na Bomet

MABANGO makubwa yanayowekwa juu ya barabara kuwaelekeza madereva, kama yale ya Barabara Kuu ya Thika iliyozinduliwa 2012, huhitaji uimara wa ziada yanapojengwa katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet.

Nyanda hizo, zilizo takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hukumbwa na dhoruba za alasiri kwa sehemu kubwa ya mwaka. Pepo za mashariki hukutana huko na upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria, na kuzua radi, mvua ya mawe na upepo wa ghafla unaoezua mapaa na kuangusha miti.

Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huongezeka mara nne. Bango lenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.5, likipigwa na upepo wa kilomita 108 kwa saa, husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa nusu tani.

Hata hivyo, adui mkubwa si dhoruba moja. Ni mtikisiko wa kila siku, ukiwemo ule wa malori yanayopita chini, ambao huchosha chuma polepole hadi nati zikalegea na nyufa zikatokea palipochomelewa, hasa kwenye kitako cha nguzo.

Bango lililobebwa na nguzo moja ya kando hutikisika zaidi kuliko lililobebwa na nguzo mbili, moja kila upande wa barabara. Kwa hivyo, penye upepo mkali nguzo mbili hufaa zaidi.

Pale nguzo moja isipoepukika, wahandisi hupunguza ukubwa wa bango, hutumia chuma kinene zaidi kwenye kitako, au hufunga kifaa cha kutuliza mtikisiko. Chuma hupakwa zinki kuzuia kutu, nao msingi wa zege huchimbwa kwa kina, kwani udongo uliolowa hushika kwa udhaifu.

Lililo rahisi kuliko yote ni ukaguzi: kukaza nati muda mfupi baada ya ujenzi, kisha kutafuta nyufa mara kwa mara na kila baada ya dhoruba kali.

Bango likianguka, maisha huwa hatarini na barabara hufungika. Kwa mkulima, hiyo ni hasara, kwani majani chai mabichi hupoteza ubora yakichelewa kufika kiwandani.