Kazi Njema na Kazi ya Kwanza



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika hii ya 16, Mwaka C, yatuingiza katika nyumba ya Martha na Maria (Lk 10:38-42). Habari hii twaijua sana, na pengine kwa sababu twaijua sana hatuisikii tena. Martha hakuwa mvivu, wala hakuwa akitenda ovu lolote. Alikuwa akimwandalia Bwana chakula. Lakini shughuli ya kumhudumia mgeni ilimnyima nafasi ya kumsikiliza huyo mgeni mwenyewe. Leo napenda kuwasimulieni jinsi jambo hilo hilo lilivyotokea hapa jirani yetu, ng'ambo ya Kreta ya Ngorongoro. Nalo halikuwapata akina mama jikoni, bali wamisionari.

Sisi wa Karatu tu watoto wa Jimbo la Mbulu, lililoundwa mwaka 1953. Ukipanda msitu na kuizunguka kreta, waingia katika nchi ya Wamaasai, ambayo kwa upande wa Kanisa ni ya Arusha, jimbo lililoanzishwa mwaka 1963 chini ya Askofu Dennis Durning wa Shirika la Roho Mtakatifu. Kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Kenya, ipo Loliondo. Huko alifanya kazi padre wa shirika hilo hilo, Vincent Donovan, Mmarekani.

Misheni ya Loliondo ilikuwa na shughuli nyingi, nazo zote zilikuwa njema. Palikuwa na shule, palikuwa na matibabu, na mapadre walikuwa wakitembelea maboma mara kwa mara. Wamaasai waliwafahamu na kuwapokea vizuri. Lakini mwezi Mei 1966 Padre Donovan aliketi akamwandikia Askofu wake barua yenye hesabu ya kusikitisha. Alikiri kwamba baada ya miaka hiyo yote hapakuwa na Mmaasai mtu mzima aliyeishika imani, na kwamba watoto waliobatizwa shuleni waliiacha walipomaliza masomo. Zaidi ya hayo, katika ziara zote za maboma, habari za Mungu hazikuzungumzwa. Miezi 5 tu ilikuwa imepita tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano utoe hati yake juu ya kazi za kimisionari, tarehe 7 Desemba 1965. Padre akaomba ruhusa aweke kando shughuli nyingine, aende katika maboma kuzungumza juu ya Mungu tu, bila kuwashawishi juu ya shule wala kugawa dawa. Akaruhusiwa.

Ndipo alipokwenda kwa mzee mmoja aitwaye Ndangoya. Akamweleza kwamba sasa hakuja kwa habari za shule wala za dawa, bali alitaka kuwaeleza lile hasa lililomleta katika nchi yao. Mzee akashangaa. Akamwuliza: kama hilo ndilo lililowaleta, kwa nini mmekawia namna hii kutuambia?

Ndugu zangu, swali hilo si la Padre Donovan peke yake. Mzee hakulalamika kwamba mapadre walikuwa wavivu. Aliwaona wakihangaika mchana kutwa. Alichoshangaa ni kwamba walikuwa na muda wa kila kitu, isipokuwa wa kile walichojia.

Mtu asije akanielewa vibaya, akadhani nadharau hospitali na shule. Mgonjwa hawezi kungoja, na kumtibu ni kumtibu Kristo mwenyewe. Lakini tukumbuke Mitume katika sura ya 6 ya Matendo. Wajane walipopunjwa katika mgawo wa chakula, Mitume hawakusema kwamba wajane si kitu. Waliwaambia waamini wachague watu saba wenye sifa njema washughulikie ugawaji, ili wao wenyewe wasiache sala na huduma ya neno. Kazi zote mbili zilifanyika, na kila moja ilipata wenyewe. Kazi njema hugeuka kuwa hasara pale inapokaa mahali pa kazi ya kwanza.

Nami niungame mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia moja niliyoitumikia, tulikuwa tukijenga ukumbi. Kila siku nilikuwa juu ya lori, leo mchanga, kesho bati. Mama mmoja mzee, mjane, alimtuma mjukuu wake aniambie kwamba angependa niende kuketi naye kidogo. Hakusema kuwa ni mgonjwa, alisema kuketi tu. Nikajibu, nitakuja tukishamaliza kuezeka. Tulimaliza kuezeka siku ya Ijumaa. Jumanne iliyofuata nilimzika. Ukumbi ule ungaliko, nao wasaidia watu wengi. Lakini kila nipitapo pale nakumbuka kwamba sikuijua haja ya mama yule, na sitaijua tena hapa duniani.

Sasa tujitazame sisi wa Karatu. Huu ni wakati wa mavuno, na aliye na maharage shambani hawezi kuyaacha yaharibike. Mnada wetu wa kila mwezi haufuati siku za juma, hufuata tarehe, hivyo mara nyingine huangukia Dominika, na kengele ya Misa hushindana na sauti za wauzaji wa ng'ombe na mitumba. Vijana wetu wanaoendesha magari ya watalii huondoka kabla ya jua kuchomoza ili wawahi lango la kreta, iwe Dominika au Jumatatu. Akina baba wa Mang'ola wako kwenye vitunguu juma zima. Hizi ni kazi za halali. Zalipa ada na kununua dawa. Lakini mtoto wako akikuuliza siku moja, "Baba, kumbe ulikuwa na imani? Mbona ulikawia kuniambia?", utamjibu nini? Utasema ulikuwa ukimtafutia ada?

Juma moja lina saa 168. Jaribu kuziandika za juma lililopita: ngapi za shamba, ngapi za usingizi, ngapi za simu mkononi, ngapi za kijiweni. Kisha utazame zile za sala, za mke au mume wako, za wazazi wako wazee. Karatasi hiyo itakuambia ukweli kuliko padre yeyote.

Labda dereva au mchungaji anayenisikiliza asema moyoni: Padre, mimi saa zangu si zangu, tajiri ndiye apangaye. Kwako wewe nina neno jingine la Mzee Ndangoya. Padre Donovan alifundisha kwa muda wa mwaka mmoja hivi, mara moja kila juma. Si wote walioipokea Injili. Boma moja lilimjibu kwa heshima kwamba limesikia, limeelewa, na halitaki. Lakini kwa watu wa Ndangoya, wakati wa ubatizo ulipofika, Padre alitaka kuwachagua wanaostahili. Huyu amekosa masomo mengi, yule haelewi vizuri. Mzee akakataa. Akaeleza kwamba wavivu walisaidiwa na wenye bidii, na wazito wa kuelewa walisaidiwa na wepesi. Wote walikuwa wamesafiri pamoja, na wote waliamini pamoja. Padre akawabatiza wote.

Hiyo ndiyo maana ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Aliyeweza kufika amchukulie Neno asiyeweza. Jumuiya yenye madereva isikutane saa ambayo madereva wako porini. Mke amsimulie mume Injili ya leo wakati wa chakula cha usiku, redio na simu zikiwa zimezimwa. Nanyi wazee wa kanisa, mkiona padre wenu ameshinda juma zima juu ya lori la mchanga, mpokonyeni hilo lori kwa upendo, mkampeleke kwa wagonjwa.

Padre Donovan alifariki mwaka 2000. Swali la mzee yule lingali likitungoja, nasi tungali na jioni ya leo. Kabla hujalala, nenda ukaketi na yule uliyemwambia "nitakuja nikimaliza".

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.