Disiki ya ordinateri ikianza kuchoka: okoa kazi kwanza, tengeneza nyuma

Kwenye ofisi nyingi za Masisi na Walikale, kazi ya mwaka muzima inalala ndani ya ordinateri moja: matokeo ya wanafunzi, orodha ya wagonjwa, mahesabu ya koperative. Umeme unatoka ku sola ao ku grupe, na unaweza kukatika mutu akiwa bado anaandika. Tena mashini inapita ku pikipiki, njia ya mashimo toka Sake.

Disiki za zamani ziko na sahani zinazozunguka mara 5 400 ao 7 200 kwa dakika. Kichwa kinachosoma kinapita karibu sana na sahani bila kuigusa. Ndiyo maana ordinateri haitembezwi ikiwa inawaka.

Dalili

Mashini inachelewa kuwaka, fishie zingine zinakataa kufunguka, ao Linux inakatala kuandika na kuruhusu kusoma tu. Ukisikia sauti ya tik-tik, zima mara moja. Kila dakika inayoongezeka inaweza kuharibu zaidi.

Nifanye nini?

1. Kama bado inasoma, nakili kwanza fishie za maana ku flash ao disiki ya nje. Usingoje fundi.

2. Angalia kama disiki haijajaa tu. Fungua terminali, andika `df -h`. Ukiona 100%, pengine ugonjwa ni nafasi.

3. Andika `sudo dmesg | grep -i error`. Mistari ya "I/O error" yenye jina la disiki, kama sda, inaonyesha kwamba kusoma kunashindikana.

4. Andika `sudo smartctl -a /dev/sda`. Programu hii inatoka ndani ya smartmontools. Iweke mapema, siku intaneti iko. Jina la disiki yako utaliona kwa `lsblk`.

Kusoma majibu

"Reallocated_Sector_Ct" ni fasi mbovu ambazo disiki imekwisha kubadilisha. "Current_Pending_Sector" ni zile zinazoshindwa kusomeka. Hesabu hizo zikipanda, tafuta disiki ingine. Usidanganywe na neno "PASSED": disiki inaweza kuliandika leo na kufa kesho. Lakini kama ni "UDMA_CRC_Error_Count" ndiyo inapanda, badilisha waya kwanza. Pengine disiki ni nzima.

Kosa la watu wengi

Wanakimbilia `fsck`. Komande hiyo inarekebisha mupangilio wa fishie, haiponyeshe chuma. Ku disiki inayokufa inaweza kuongeza hasara. Afazali kuwasha mashini na flash ya Linux, kisha kutumia `ddrescue` kunakili disiki yote ku ingine iliyo kubwa zaidi. Inachukua kwanza fasi nzima, kisha inarudilia zile mbovu. Angalia vizuri majina: ukigeuza disiki mbili hizo, unafuta kazi yako mwenyewe. `fsck` itatumika nyuma, ku nakala.

Kabla haijatokea

Weka nakala mbili, moja ikae nyumba ingine. Kila Ijumaa, ongeza kazi ya juma. Orodha ya wagonjwa ifungwe na neno la siri. Kwetu tunajua kuhama kwa ghafla: ordinateri inaweza kubaki nyuma, lakini flash inaingia mufukoni.