Wasifu wa Aliye Hai

Imam Dhahabi wa Sham, aliyefariki mwaka 1348, aliwaandika wapokezi wa hadithi kwa sifa zao na kwa ila zao, akitaja nani kasema nini. Leo Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti iliyoanza 2001, yaandikwa na yeyote.

Februari 2021 zilivuma habari kwamba Dakta Philip Mpango, Waziri wa Fedha wakati huo, amefariki. Akajitokeza hai mbele ya waandishi katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa kwetu Dodoma. Mwezi uliofuata akawa Makamu wa Rais. Ndugu msomaji, lau uvumi ule ungetiwa katika wasifu wake, kalamu ingemzika mzima.

Kwa hiyo kamusi hiyo ina sheria: neno la ubishi juu ya aliye hai, lisilo na ushahidi, lifutwe mara moja. Umpende mwanasiasa au umchukie, haki yake mwandikie.