Bichat na Elimu ya Tishu

Elimu ya tishu haikuanzia kwenye hadubini, bali kwenye kisu. Mjini Paris, Xavier Bichat, ambaye hakuiamini hadubini, alipasua maiti, akachemsha, akakausha na kuozesha vipande vyake ili aone kila kimoja kinavyobadilika. Mwaka 1801 alitaja tishu 21, akieleza kuwa ogani tofauti hujengwa kwa tishu zilezile, na kwamba ugonjwa huweza kushika tishu moja ukaiacha jirani yake. Yupo atakayepinga: leo tunahesabu makundi manne tu, yaani epithelia inayozaa tezi, tishu unganishi, misuli na neva, tena mwanasayansi Schwann alionyesha mwaka 1839 kuwa wanyama wameundwa kwa seli. Ni kweli, lakini hadubini ilisahihisha hesabu tu. Msingi aliuweka Bichat.