Kupona Leukemia Hakukomei kwenye Uhai

Hadi mwaka 1947, mtoto aliyegunduliwa kuwa na leukemia kali, yaani saratani ya damu inayokwenda kwa kasi, hakutarajiwa kuishi zaidi ya miezi michache. Mwishoni mwa mwaka huo Dk. Sidney Farber wa Boston, Marekani, alianza kuwapa watoto aminopterini, dawa inayozuia kazi ya asidi ya foliki ambayo seli huihitaji ili zigawanyike. Baadhi walipata nafuu, lakini ugonjwa ulirudi. Dawa nyingine zilipopatikana, kikwazo kikadhihirika: kinga ya asili inayozuia sumu isiingie kwenye ubongo ilizuia dawa pia, na seli za saratani zikasalia katika tando zinazozunguka ubongo na uti wa mgongo.

Jibu lilitoka katika hospitali ya St. Jude, iliyofunguliwa Memphis mwaka 1962 chini ya Dk. Donald Pinkel. Katika jaribio lililoanza mwaka 1967, watoto walipigwa mionzi ya kichwa, kipimo cha grei 24, na kudungwa dawa ya methotrekseti kwenye maji ya uti wa mgongo. Takriban nusu yao walipona. Walipoanza kukua, hata hivyo, vipimo vilionyesha kuwa baadhi walikuwa wakiachwa nyuma na wenzao katika hesabu, umakini na kasi ya kufikiri, hasa waliotibiwa wakiwa wadogo sana. Ubongo wa mtoto bado unajenga nyuzi zinazounganisha sehemu zake, na ujenzi huo ndio ulioguswa. Wengi hawakusahau walichokijua. Walichelewa kujifunza mapya, ndiyo maana madhara yalionekana baada ya miaka.

Wapo watakaosema kwamba aliyekufa hasomi, hivyo malalamiko haya ni anasa. Kwa mwaka 1967 hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na madaktari wale hawastahili lawama. Lakini historia haikuishia hapo. Kwa sababu akili za walionusurika zilipimwa, na uvimbe mpya na kudumaa kulikoletwa na mionzi pia kukahesabiwa, mionzi ilipunguzwa hadi grei 18, kisha ikaanza kuachwa. Jaribio la St. Jude lililoanza mwaka 2000 liliwaondolea watoto wote mionzi hiyo ya kichwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Bila kufuatilia madhara, nani angethubutu kutafuta njia nyingine?

Dawa peke yake nazo huacha alama, ingawa kwa kawaida ni nyepesi kuliko za mionzi: umakini hupungua, uwezo wa kushikilia mambo akilini wakati wa kuyafanyia kazi hulegea, lakini watoto wengi huendelea vizuri. Wengine huhofu kwamba kuwaeleza wazazi haya kutawafanya wakimbie hospitali. Mzazi aambiwe yote mawili kwa pamoja: leukemia kali isiyotibiwa huua, na matibabu yanaweza kumfanya mtoto ahitaji msaada wa masomo baadaye. Anayejua hilo hatamwita mwanawe mvivu anapochelewa kumaliza mtihani. Ataomba apimwe na aongezewe muda. Basi mpango wa tiba usifungwe siku dawa ya mwisho inapomezwa. Uendelee hadi shuleni, kwa maandishi ambayo mwalimu anaweza kuyasoma na kuyafanyia kazi.